Breketi za bampa kwa magari ya zamani: kutambua chanzo cha tatizo kabla ya kukata chuma

Mwenye gari la zamani anayehitaji breketi za bampa, yaani vyuma vinavyolishikiza bampa kwenye chasisi, jijini Mwanza kwa kawaida huishia karakana, kwa sababu dukani hazipo. Kwa Toyota Corolla KE70, Datsun za miaka ya 1970, Peugeot 504 au Land Rover Series, breketi zilizotumika zikipatikana kwa wauza vipuri huwa zimepinda au zimeliwa na kutu sawasawa na zile zinazotolewa. Kukata na kukunja chuma cha breketi mpya si kazi ngumu kwa fundi mwenye grenda, drili, jiliwa (kibanio cha mezani) na mashine ya kuchomelea. Kazi iliyo ngumu, na ambayo hurukwa mara nyingi, ni kujua kwa nini breketi ya awali iliharibika. Karakana nyingi hujibu kila lalamiko kwa dawa moja, yaani chuma kinene zaidi, na dawa hiyo hulihamisha tatizo kutoka kwenye breketi, ambayo ni kipande cha bei ndogo, ikalipeleka kwenye chasisi, ambayo ndiyo gari lenyewe.

Breketi ina kazi mbili zinazovutana. Inapaswa kulishika bampa lisicheze kwenye barabara ya changarawe, na wakati huohuo inapaswa kupinda kabla ya chasisi kupinda gari linapogonga kitu. Fundi akiisahau kazi ya kwanza, mteja atarudi baada ya siku chache akilalamikia kelele. Akiisahau ya pili, mteja atarudi baada ya ajali ndogo akiwa na gari ambalo boneti yake haifungi tena. Kwa magari mapya zaidi, ambayo bampa lake la plastiki limefunika boriti ya chuma yenye visanduku vya kukunjamana nyuma yake, suala hili ni zito zaidi: visanduku hivyo vimeundwa vikunjike kwa mpangilio maalumu, na kwenye gari lenye mifuko ya hewa havipaswi kubadilishwa kwa kipande kilichochongwa karakana. Maelezo haya yanahusu magari ya zamani yasiyo na mifumo hiyo, isipokuwa pale yanapogusia pembe za bampa la plastiki.

Bampa limekaa upande

Ukisimama mbele ya gari unaona upande mmoja wa bampa uko chini kuliko mwingine, au umetokeza mbele huku mwingine ukikaribia kugusa fenda. Wengi huanza kwa kupima kutoka sakafuni hadi kwenye bampa, na hapo ndipo upotofu unapoanzia, kwa sababu kipimo hicho kimebeba ndani yake upepo wa matairi, uchovu wa springi na mteremko wa sakafu yenyewe. Karakana zilizo kwenye miinuko ya Mabatini au Bugarika hazina sakafu ya kuaminika kwa kazi hii. Kipimo sahihi huanzia kwenye chasisi.

Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, uhakikishe hauna mapovu, kisha linganisha kimo cha matundu mawili ya chasisi yanayokabiliana, la kushoto na la kulia. Baada ya hapo linganisha kimo cha bampa mahali palepale panapokabiliana na matundu hayo, wala si kwenye ncha zake, kwa kuwa ncha ziko mbali zaidi na katikati ya gari na huikuza tofauti. Iwapo tundu la kushoto la chasisi liko milimita 8 chini ya la kulia, na bampa nalo liko milimita 8 chini upande huohuo, breketi hazina kosa lolote. Kinachohitaji kuangaliwa ni springi, matairi na sakafu yenyewe. Iwapo chasisi iko sawa na bampa haliko sawa, tatizo liko kwenye breketi au kwenye bampa lenyewe, na bampa unalipima kwa kulilaza kifudifudi na kuvuta uzi kutoka ncha hadi ncha.

Kipimo cha pili ni cha mishazari, na ndicho kinachookoa gari. Shusha timazi (uzi wenye uzito nchani) kutoka kwenye bolti mbili za chini zisizosogea, kwa mfano zile zinazoshika mkono wa chini wa sasipenshoni, na kutoka kwenye ncha mbili za chasisi zinazobeba breketi. Weka alama za chaki sakafuni, sogeza gari, kisha pima kutoka alama ya kushoto nyuma hadi ya kulia mbele, na kutoka ya kulia nyuma hadi ya kushoto mbele. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5 hivi, ncha ya chasisi imepinda, na breketi yoyote utakayotengeneza itakuwa ni ya kufuata kosa. Kutengeneza breketi moja fupi na nyingine ndefu ili bampa lionekane limenyooka ni kuficha jeraha: ufa utaendelea pale chasisi ilipokunjamana, na mwenye gari hatauona mpaka siku usukani utakapoanza kuvuta upande. Chasisi inyooshwe kwanza.

Umbo la tundu la bolti kwenye chasisi nalo hueleza yaliyotokea. Tundu lililorefuka kuelekea mbele ya gari linaonyesha kwamba gari lilivutwa kwa kamba iliyofungwa kwenye bampa, jambo la kawaida sana msimu wa mvua gari linaponasa kwenye tope. Ambapo kulikuwa na kugongwa, alama ya bolti huonekana imesukumwa nyuma. Kwa gari la kundi la kwanza, breketi mpya haitadumu kama mwenye gari hajaelezwa kwamba kamba hufungwa kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikamana na chasisi. Magari yanayopanda vivuko, kwa mfano cha Kamanga, yana alama ya tatu: mkwaruzo chini ya bampa na breketi zote mbili zimeinuka kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu pua ya gari hugota pale njia ya nchi kavu inapokutana na mlango wa kivuko. Hapo chasisi mara nyingi ni nzima na kazi ya breketi inaweza kuanza bila wasiwasi.

Bampa linatetemeka au linagonga

Hii ndiyo dalili inayosababisha chuma kinene kupita kiasi kutumika, kwa hiyo inastahili kuchambuliwa polepole. Kwanza acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta, weka kiganja kwenye bampa, kisha bonyeza kwa mguu upande mmoja na mwingine ukisikiliza. Halafu tazama kuzunguka kila washa (kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati au kichwa cha bolti). Ukiona unga laini wa rangi ya kahawia nyekundu umejikusanya pembeni mwa washa, na ukiifungua ukakuta duara linalong'aa kwenye chuma kilichokuwa chini yake, vipande hivyo viwili vimekuwa vikisuguana. Hapo chanzo ni mkazo mdogo wa bolti au tundu kubwa kupita kiasi, wala si udhaifu wa chuma.

Tundu la bolti ya M8 (yenye unene wa milimita 8) linatosha likiwa la milimita 9, na la M10 likiwa la milimita 11. Matundu yaliyotobolewa kwa moto wa kuchomelea hufika milimita 14 au 15, yana kingo zilizokakamaa, na washa ya kawaida huzama ndani yake baada ya muda. Kama tundu ni lazima liwe refu kwa ajili ya kurekebisha bampa, lirefushwe upande mmoja tu wa muunganiko, ama kwenye breketi au kwenye bamba la bampa, na lifunikwe kwa washa nene iliyokatwa kutoka kwenye bamba la milimita 3. Matundu marefu yakiwa pande zote mbili, hakuna mkazo wa bolti utakaolishika bampa kwenye barabara ya mawe.

Bolti zikiwa zimekaza na matundu ni sahihi, lakini bampa bado linanesa linapobonyezwa, angalia namna chuma kilivyolazwa. Uwezo wa chuma bapa kuhimili kunesa hulingana na kipeo cha tatu cha kimo chake kwa upande ambao mzigo unatoka. Chuma bapa cha milimita 40 kwa 5 kikilazwa kibapa, mzigo wa bampa unakabiliana na kimo cha milimita 5 pekee. Kikisimamishwa kwa ubavu, mzigo uleule unakabiliana na kimo cha milimita 40, na ukakamavu wake dhidi ya kunesa juu na chini huongezeka mara 64. Kuongeza unene kutoka milimita 5 hadi 6 huku kikiwa bado kimelazwa kibapa huongeza ukakamavu kwa asilimia 73 tu. Ni chuma kilekile, kwa bei ileile, na tofauti yote imetokana na kukigeuza. Ndiyo sababu breketi nyingi za kiwandani huwa za ubavu, au zimekunjwa kingo kuwa umbo la mfereji, ingawa bati lake ni la milimita 2 au 3.

Urefu nao una nguvu hiyohiyo kwa upande wa hasara. Mkono unaotoka kwenye chasisi ukirefushwa mara mbili, kunesa kwake huongezeka mara nane kwa mzigo uleule. Kwa hiyo kabla ya kununua chuma kipya, uliza kama bampa linaweza kusogezwa karibu zaidi na bodi, au kama sehemu ya breketi inayolala juu ya chasisi inaweza kurefushwa ili bolti mbili ziwe mbali zaidi moja na nyingine. Bolti mbili zilizoachana kwa milimita 80 hushika vizuri kuliko zilizoachana kwa milimita 40, hata kama ni za ukubwa uleule. Kama nafasi haipo, ongeza mshazari mdogo wa chuma cha milimita 20 kwa 3 kutoka katikati ya mkono hadi kwenye bamba la chini. Mwonekano wake hauvutii sana, lakini hufanya kazi kuliko chuma cha milimita 10, na gari likigonga mshazari huo hupinda bila kuing'oa chasisi.

Mpira uliokosekana ni chanzo kinachosahaulika. Baadhi ya magari ya zamani yalikuwa na vipande vya mpira kati ya breketi na bampa, hasa kwenye vishikio vya pembeni, na fundi aliyekuja baadaye akavitupa vilipopasuka. Kipande kilichokatwa kutoka kwenye tairi la zamani kinafaa, mradi kisiwe na nyaya za chuma ndani yake, kwa sababu nyaya hizo hutoboa rangi na kuanzisha kutu.

Breketi imepasuka

Usiichomelee kabla ya kuitazama. Ivunje kabisa kwa mkono pale ilipopasuka na uangalie uso wa chuma kwenye mwanga wa jua. Sehemu iliyo nyeusi au yenye kutu, mara nyingi ikiwa na mistari myembamba ya kufuatana iliyopinda, ni ufa wa zamani uliokuwa ukikua taratibu kwa mtetemo; sehemu inayong'aa na yenye punjepunje ni ile iliyokatika mwisho. Ufa wa zamani ukichukua zaidi ya nusu ya uso, breketi ilikuwa ikichoka kwa muda mrefu, na mahali ufa ulipoanzia ndipo penye chanzo. Uso wote ukiwa unang'aa, kulikuwa na pigo moja kubwa na hakuna kosa la kutafuta katika utengenezaji.

Ufa ulioanzia upande wa nje wa mkunjo unaonyesha kwamba chuma kilikunjwa kwa pembe kali mno. Chuma kikibanwa kwenye jiliwa lenye meno makali na kupigwa nyundo mpaka kifike nyuzi 90, upande wa nje huvutika na kuanza kuchanika kabla hata gari halijatoka karakana. Nusukipenyo cha ndani cha mkunjo kisipungue unene wa chuma chenyewe. Kwa chuma cha milimita 5, weka nondo laini ya milimita 10 kwenye kona ya kukunjia. Mtindo wa kukata mfereji kwa grenda ili chuma kikunjike kwa urahisi, kisha kuujaza kwa kuchomelea, unakubalika tu kama mfereji unajazwa kikamilifu. Ukiachwa wazi hata kidogo, ufa utaanzia hapohapo. Anayekunja kwa moto akunje chuma kikiwa chekundu sana na aache kikishaanza kufifia, kwa kuwa chuma kinachokunjwa kikiwa na joto la wastani, pale kinapoonyesha rangi ya buluu, huwa na tabia ya kuvunjika. Kipoe chenyewe kwa hewa, wala si kwa kutumbukizwa kwenye ndoo ya maji.

Ufa ulio pembeni mwa mshono wa kuchomelea, na si ndani ya mshono, unaelekeza kwenye aina ya chuma. Jani la springi ya lori huonekana kuwa malighafi nzuri kwa sababu ni gumu na linapatikana bure, lakini lina kaboni nyingi, na likichomelewa kwa vijiti vya kawaida bila kupashwa moto kabla, eneo la kandokando ya mshono hupoa haraka na kuwa gumu na lenye kuvunjika kama kigae. Kutambua chuma hicho ni rahisi. Kisuguliwe kwa grenda mahali penye kivuli: chuma cha kawaida hutoa cheche ndefu zenye matawi machache, na chuma cha springi hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika matawi mengi karibu na jiwe. Breketi ya bampa itengenezwe kwa chuma laini cha kawaida, ambacho hupinda kikizidiwa badala ya kuvunjika.

Ufa unaopita katikati ya mshono hutokana na kuchomelea kwenyewe. Kwa kijiti cha kuchomelea cha aina ya 6013 chenye unene wa milimita 2.5, mkondo wa ampea 70 hadi 90 hutosha kwa chuma cha milimita 4 au 5, lakini namba iliyo kwenye mashine haina maana umeme unaposhuka jioni wakati karakana zote za mtaa zinafanya kazi. Mshono uliotuna kama kamba juu ya chuma na kingo zake hazijazama haukuyeyusha chuma cha chini. Vijiti vilivyokaa kwenye pakiti iliyofunguliwa msimu wa mvua hunyonya unyevu. Vikaushwe kabla ya kutumika. Mshono usiishie kwenye ukingo wa kipande, bali uzungushwe kona, kwa kuwa ncha ya mshono ndipo nyufa nyingi huanzia.

Kazi yote ya kuchomelea ifanyike breketi ikiwa nje ya gari. Ikilazimu kushikiza kwa nukta chache gari likiwa hapo, ondoa waya za betri, bana waya wa ardhi karibu kabisa na mahali pa kuchomea, na kwa bampa la nyuma hakikisha kwamba tangi na mipira ya petroli iko mbali au imetolewa. Breketi isichomelewe moja kwa moja kwenye chasisi. Bolti hufunguka siku ya ajali ndogo, lakini mshono hung'oka na kipande cha chasisi.

Matundu hayakutani

Breketi mpya imekamilika, lakini bolti ya pili inagoma kuingia. Chanzo cha kwanza ni kunakili breketi iliyopinda. Ile ya zamani itumike kujua ukubwa wa bolti na mpangilio wa jumla, lakini umbali upimwe kwenye gari: lishike bampa kwa vibanio na vipande vya mbao mpaka likae kwa namna inayotakiwa, linganisha nafasi kati yake na fenda pande zote, kisha kata kiolezo cha kadibodi ngumu kinachoziba pengo kati ya chasisi na bampa. Kadibodi itoshee bila kulazimishwa, ndipo ihamishiwe kwenye chuma.

Chanzo cha pili ni hesabu ya mkunjo. Fundi anayetaka pande mbili za milimita 60 na 100, zikipimwa kwa nje, hukata kipande cha milimita 160, na baada ya kukunja anapata breketi iliyozidi kwa karibu milimita 9. Kwa chuma cha milimita 5 kilichokunjwa nyuzi 90 kwa nusukipenyo cha ndani cha milimita 5, kila upande hupoteza milimita 10 zinazoingia kwenye kona, na kona yenyewe hutumia takribani milimita 11 za chuma. Kwa hiyo urefu wa kukata ni 50 kujumlisha 90 kujumlisha 11, yaani milimita 151. Hata hivyo jiliwa na nyundo havina usahihi wa mashine, na njia salama ni kukunja kwanza, kutoboa baadaye. Kati ya makosa yote yanayoletwa na wanaojifunza kazi, kutoboa kabla ya kukunja ndiko kunakopoteza chuma kingi zaidi.

Chanzo cha tatu ni breketi mbili za upande mmoja. Breketi ya kushoto na ya kulia si pacha. Moja ni kivuli cha nyingine kwenye kioo. Geuza kiolezo, andika herufi K (kushoto) na L (kulia) kwa chaki kabla ya kukunja, na ukunje moja kuelekea kwako na nyingine kuelekea upande wa pili.

Tofauti ya milimita 2 au 3 iliyobaki irekebishwe kwa vipande vyembamba vya bati kati ya breketi na chasisi. Kuvuta breketi kwa nguvu ya bolti mpaka ikae huiacha ikiwa na mkazo wa kudumu, na mkazo huo hugeuka ufa.

Bolti haishiki, au nati inazunguka

Magari mengi ya Kijapani hutumia bolti za M10 zenye hatua ya uzi (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata) ya milimita 1.25, ambazo kichwa chake hufunguliwa kwa spana ya 14. Bolti za M10 zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa kawaida zina hatua ya milimita 1.5 na kichwa cha 16 au 17. Bolti hiyo ikiingizwa kwenye nati ya gari hushika mizunguko miwili au mitatu, kisha hukaza ghafla, na anayeendelea kuilazimisha kwa bomba refu huharibu uzi wa nati iliyochomelewa ndani ya chasisi, mahali pasipofikika. Ijaribu kwa vidole kwanza. Kama haizunguki kwa vidole mpaka karibu na mwisho, siyo yake. Kwa M8 tatizo hili ni dogo, kwa kuwa hatua ya kawaida ni 1.25 kwa pande zote mbili.

Nati ya ndani inayozunguka imeachia mshono wake kwa sababu ya kutu. Usiitoboe chasisi kutokea upande ili kuifikia kama njia nyingine ipo. Katika magari mengi ncha ya chasisi iko wazi mbele, na unaweza kuchomelea nati mpya mbili kwenye ukanda wa chuma wa milimita 25 kwa 4, ukaingiza ukanda huo ndani ya chasisi na kuushika na bolti. Ukanda husambaza mzigo kwenye eneo kubwa zaidi na hauwezi kuzunguka.

Tumia bolti zenye alama ya 8.8 kichwani, ambayo huonyesha daraja la nguvu yake. Mkazo wa takribani nyutoni mita 25 kwa M8 na 50 kwa M10 unatosha. Kwa bolti ya kawaida isiyo na alama, punguza.

Kutu imerudi

Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, na gari lililoishi Mwanza miaka yote halioshwi na ukungu wa bahari kama la Tanga. Lakini pikapu zinazobeba sangara wa chumvi hudondosha maji yenye chumvi nyuma yake safari nzima, na breketi za bampa la nyuma huliwa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Magari yaliyotumika Japani kwenye mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, nayo hufika yakiwa na kutu iliyokwisha kuanza uvunguni. Kwa gari la aina hiyo, gonga ncha ya chasisi kwa nyundo ndogo: mlio mkavu ni chuma kizima, mlio mzito uliozimika ni matabaka ya kutu, na hapo breketi mpya haina pa kushika.

Kutu inayorudi kwenye breketi mpya karibu kila mara huanzia kati ya bamba na bamba, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika kwa sababu rangi ilipakwa baada ya kufunga. Toboa, lainisha kingo, ondoa maganda ya mshono, futa mafuta, kisha paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili pande zote, zikiwemo nyuso zitakazokutana na ndani ya matundu, na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga. Breketi yenye umbo la mfereji au sanduku iwe na tundu la milimita 8 mahali pa chini kabisa ili maji na tope vitoke.

Chuma kilichopakwa zinki hukawiza kutu, lakini zinki iondolewe kwa grenda kwa upana wa sentimita 2 au 3 kila upande kabla ya kuchomelea. Moshi mweupe wa zinki husababisha homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baada ya kazi. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa hayauzuii moshi huo kuingia mapafuni. Kinachosaidia ni kufanyia kazi mahali penye upepo na kutokuweka uso juu ya moshi. Bampa lenye kromu nalo lisichomelewe, kwa kuwa joto huiharibu kromu upande wa mbele hata kama mshono uko nyuma.

Pembe za bampa la plastiki zinaning'inia

Corolla za miaka ya 1990 na nyingine za rika hilo hupoteza vishikio vidogo karibu na tao la tairi. Kata ukanda wa bati la milimita 1.5 ufuate mzingo wa fenda, na ushike plastiki kwa bolti ndogo yenye washa pana ndani na nje. Matundu ya upande wa plastiki yawe marefu kwa mlalo. Bampa jeusi lenye urefu wa mita 1.6 likikaa juani mchana kutwa linaweza kurefuka kwa milimita 3 hadi 5, huku chuma kilicho nyuma yake kikirefuka kwa chini ya milimita 1, na plastiki iliyobanwa kwenye tundu la duara hupasuka kuanzia kwenye tundu hilo.

Gari likiwa tayari

Baada ya kukaza bolti zote, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati, washa na breketi. Mwenye gari aelezwe alitumie kwa safari zake za kawaida, barabara ya vumbi ikiwemo, kisha arudi baada ya wiki moja. Mstari ukiwa mzima, kazi imeshika. Ukiwa umekatika pande zote mbili za gari, rangi iliyokuwa chini ya washa imejibana na bolti zinahitaji kukazwa mara moja tu. Ukiwa umekatika upande mmoja pekee, usiikaze bolti hiyo na kumruhusu mteja aondoke; ifungue, tazama kama kuna unga wa kahawia au tundu limeanza kurefuka, na urudie kipimo cha mshazari cha upande huo.